Macho ya Nyumba ya Sefu

Rachida hakuomba kazi ya macho. Alikuwa muuguzi wa materniti, wodi ya wazazi, akipenda kelele zake, na mkuu wa wauguzi alipomwambia kwamba kliniki ya macho inahitaji mtu mwenye mkono mtulivu, alirudi nyumbani mtaa wa Kabondo amenuna, akapika pondu ya majani ya muhogo bila kuonja chumvi. Watoto wake walikula kimya.

Si kwamba aliogopa kazi ngeni. Aliogopa kushinda kutwa na watu ambao macho yao yanakufa, kwa maana alikuwa ameyaona hayo kwao akiwa msichana, pamoja na yale yaliyofuata.

Baba yake, Papa Sefu, alikuwa fundi wa kutarizi kofia na kola za kanzu. Alikuwa mtu wa zile familia za Kiislamu zilizokaa Kisangani tangu enzi za misafara ya biashara, na wateja wake wengi walikuwa watu wa Maniema, waliokuwa wakivuka mto kwa mtumbwi mpaka Lubunga kufuata sindano yake. Kisha yakaanza mambo madogo. Akawa anagonga bega kwenye fremu ya mlango. Jirani akimsalimu kutoka pembeni hakujibu, na jirani akaenda kusema Sefu siku hizi ana majivuno. Mara moja alivuka njia mbele ya pikipiki iliyokuwa ikipiga honi, kana kwamba haipo. Lakini ukimpa sindano aliitunga uzi papo hapo, kwa hiyo yeye mwenyewe na watu wa nyumba yake wakasema macho ni mazima. Giza lilikuwa linamjia kutoka kandokando. Lilipofika katikati hakukuwa na kitu cha kuokoa.

Mama yake Rachida, Hadidja, alizaliwa Banalia. Mume wake alipoanza kulalamika kwamba anaona kama moshi, alimwosha macho kwa maji ya majani, jinsi alivyofundishwa na mama yake. Hayakumsaidia, wala hayakumdhuru. Lakini macho yalipokwisha kabisa, ndugu za mume walimpeleka kwa mtu mmoja anayetazama mambo ya siri, naye akawaambia kwamba mkono ulioua macho ya Sefu unalala naye nyumba moja. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kutajiwa jina. Mohamadi, mdogo wake Sefu, mfanyabiashara wa mawese, ndiye aliyesimama mbele ya ukoo mzima na kusema mwanamke huyo arudi kwao. Sefu alitoa talaka akiwa ameketi, uso ameuelekeza ukutani. Hadidja alifunga nguo zake katika kikwembe, akavuka mto, akapanda lori la Banalia. Rachida, msichana wa miaka kumi na mitatu, alishikwa mikono na shangazi zake asimfuate.

Alipokuwa mtu mzima alikwenda Banalia mara nyingi. Alimkuta mama yake kandoni mwa mto Aruwimi akikausha samaki kwa moshi na kuwauzia wasafiri. Walizungumza juu ya bei, juu ya wajukuu, juu ya mvua. Juu ya macho ya Sefu hawakuzungumza hata siku moja.

Kliniki ilipopata mashine ya leza, Rachida alikuwa ameshaizoea kazi, na kusema kweli alikuwa ameanza kuipenda. Alikuwa pia ameshajua jina la kile kilichomla baba yake. Aliwahi kulitamka mbele yake, glakoma, na kumwomba aje apimwe. Papa Sefu alimjibu kwamba yeye hana ugonjwa, alifanyiwa na mtu, na munganga wa hospitali hatibu kazi ya mtu. Rachida hakulitaja tena.

Mashine yenyewe haikuwa mpya. Ilikuwa imetumika miaka mingi katika hospitali ya mbali kabla ya kutolewa msaada, na Docteur Wenceslas, daktari wa kliniki, alikuwa amesafiri mpaka Kinshasa kujifunza kuitumia. Aliwaeleza wauguzi wake taratibu.

"Nyuma ya jicho iko nyuzi za neva, nyembamba kuliko unywele, zaidi ya milioni," alisema. "Zinapeleka picha kwenye ubongo. Glakoma inakula hizo nyuzi, kidogo kidogo. Mgonjwa hasikii maumivu, na sehemu kubwa inaweza kuisha kabla hajajua kitu. Donc hatungojei yeye ajue. Tunapima unene wa nyuzi zenyewe."

Mwanga wa leza ulikuwa dhaifu, hauchomi. Uliingia jichoni, ukapita katika zile nyuzi na kurudi, na kwa jinsi ulivyobadilika njiani mashine ilijua mahali zilipo nene na mahali zilipokonda. Kisha ilichora ramani ya rangi. Hapo ndipo wauguzi walipochanganyikiwa kwanza, maana katika ramani ile nyekundu na manjano zilikuwa habari njema, nyuzi nene. Buluu ilikuwa upungufu. Jicho zima lilionyesha mapindo mawili ya nyekundu, yaliyojikunja kama upinde, moja juu na moja chini, yakikutana kwenye shina la neva.

Ili kuzoea, daktari aliwaagiza wapimane wao kwa wao. Naomie, muuguzi mwenzake Rachida, msichana mcheshi wa mtaa wa Makiso, alimpima kwanza Benoît wa mapokezi. Ramani ikatoka nyekundu juu na chini, safi kabisa.

"Benoît, una macho ya mtoto mchanga," Naomie alimwambia. "Haya, Rachida, kuja. Weka kidevu hapa. Angalia ile nukta, usipepese."

Kufumba na kufumbua, kipimo kikawa kimekwisha. Naomie aliutazama ukurasa ukitoka, akafuta kioo cha mashine kwa kitambaa, akasema, "Turudie. Ulipepesa."

Rachida hakuwa amepepesa. Walirudia. Wakarudia tena kwa jicho la pili. Kisha Naomie akaacha utani wake, akatoka kwenda kumwita daktari, na Rachida akabaki peke yake na zile karatasi. Pindo la chini la jicho la kulia lilikuwa limemomonyoka. Mahali palipotakiwa pawe pekundu palikuwa na buluu, kama maji yaliyoingia shambani. Jicho la kushoto lilikuwa nafuu, lakini nalo lilikuwa limeanza.

"Labda mashine imeharibika," alisema daktari alipoingia.

"Benoît ilimtoa vizuri," alijibu Naomie.

Docteur Wenceslas hakutegemea mashine peke yake. Alimpima presha ya macho, ikawa juu kidogo, si ya kutisha. Aliweka dawa ya kupanua mboni, akatazama shina la neva kwa lenzi yake kwa muda mrefu, huku pumzi yake ikimgusa Rachida shavuni. Mwishowe akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Ungekuja hapa kunisomea herufi ukutani, ungesoma zote mpaka mstari wa mwisho," alisema. "Na mimi ningekurudisha nyumbani. Rachida, kwenu kuna mtu aliyepofuka?"

"Papa yangu."

"Alipimwa?"

"Alikataa."

Daktari akatikisa kichwa polepole. "Bon. Ni mapema. Sikiliza vizuri neno hilo, mapema. Nyuzi zilizoenda hazirudi. Lakini ukiweka matone kila siku, na mimi nikikufuata, una nafasi kubwa ya kuona mpaka uzee wako."

Rachida alisema asante. Alikwenda msalani akaketi, akalia kidogo, si sana. Kitu kilichomshangaza ni kwamba katikati ya woga ule kulikuwa na kitu kingine, kitu kilichomfanya ainuke haraka na kunawa uso. Alikuwa amemfikiria mama yake.

Siku yake ya mapumziko alivuka mto kwenda Lubunga. Alimkuta Papa Sefu barazani, mikono mapajani. Tonton Mohamadi, yule baba yake mdogo, aliyekuwa anaishi uwanja huohuo, alikuwa kando akihamisha mawese kutoka pipa moja kwenda madumu. Rachida alimshika baba yake mkono, akamsalimu, akaketi chini mkekani.

"Papa, nilipimwa macho."

"Macho yako iko na nini?"

"Iko na ugonjwa. Ni ule wako."

Papa Sefu alimgeuzia uso. Kwa Mohamadi mawese yaliacha kumiminika.

"Nani alikuambia mimi niko na ugonjwa?"

"Mashine ilionyesha, papa. Inapima nyuzi za nyuma ya jicho. Zangu zimeanza kukonda, na mimi sikusikia kitu. Nilikuwa naona vizuri. Bado naona vizuri. Munganga anasema mara nyingi inatembea ndani ya damu, mzazi kwa mtoto, ndugu kwa ndugu."

"Mama yako alikuosha macho na yale majani?" aliuliza mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekanyaga ubao asioujua.

"Hapana, papa. Hata mara moja."

"Basi wewe nani alikuharibia?"

"Hakuna mutu. Njo hiyo ninakuambia. Hakuna mutu."

Mohamadi alikuja akifuta mikono kwa tambara. Alikuwa mwanaume mrefu, mwenye sauti ya kuongoza watu, na hakupenda mazungumzo ya uwanja wake kufanyika bila yeye.

"Mutoto anataka kusafisha mama yake," alisema. "Namuelewa. Hata mimi ningefanya vile. Lakini mashine haiwezi kuona mambo ya usiku."

"Tonton, mashine haijui mama yangu. Haijui hata mimi. Kuja ikupime wewe."

"Mimi? Mimi nasoma Korani bila miwani."

"Na mimi natunga uzi bila miwani."

Papa Sefu akageuza uso kuelekea sauti ya mdogo wake. "Mohamadi," alisema, "enda."

"Nitaenda," Mohamadi alijibu. "Na ikitoka vizuri, Rachida, hautaleta tena maneno haya kwa nyumba hii."

"Sitaleta, tonton."

Alikuja kweli, amevaa kanzu nyeupe na viatu vilivyopakwa rangi, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Rachida alikuwa ameiwaza sana siku hiyo. Usingizini alikuwa ameshaiona ramani ya buluu na kumwonyesha, akasema maneno makali mazuri. Lakini Naomie alipomweka mzee kidevu kwenye mashine, naye akakaza macho kwenye nukta kama mtoto wa shule anayetii, Rachida alijikuta akiomba itoke nyekundu. Hakujua kwamba angeomba hivyo.

Ilitoka buluu. Ilikuwa mbaya kuliko ya Rachida mara nyingi. Pindo la juu lilikuwa limebaki vipande, la chini karibu limekwisha.

"Rangi nzuri," alisema Mohamadi alipoonyeshwa.

Docteur Wenceslas alimketisha mbele yake, akamfunika jicho moja. "Tonton, angalia pua yangu tu. Nitaleta mkono kutoka pembeni. Ukiuona, sema."

Alinyoosha mkono, akaanza kuleta kiganja taratibu kutoka kando, akitikisa vidole. Mohamadi alitazama pua ya daktari. Kiganja kilikuja, kikaja, kikafika karibu na sikio la daktari mwenyewe.

"Anza basi," alisema Mohamadi. "Leta mkono."

Naomie akaangalia chini. Daktari akaendelea kuusogeza mpaka Mohamadi akashtuka na kusema, "Sasa naona." Kisha akageuza kichwa, akauona mkono ulipo, na akafahamu ulikuwa umetoka wapi. Aliomba warudie. Wakarudia upande wa pili, ikawa vilevile.

Alikaa na mikono mapajani, vile kaka yake anavyokaa.

"Nitapofuka?"

"Ukiacha hivi, ndiyo," alisema daktari. "Ukitumia dawa kila siku, maisha yote, na ikibidi tukupasue, ninaamini hapana. Kilichoenda hakirudi. Kilichobaki tunakilinda."

"Na Sefu? Angekuja wakati ule?"

"Wakati ule hatukuwa na mashine hii. Lakini angefika kwa munganga wa macho mapema, ndiyo, pengine angeona mpaka leo."

Mohamadi alimtazama Rachida, akamtafuta kidogo kwa kugeuza kichwa, maana alikuwa amesimama pembeni. "Sisi tulimpeleka kwa yule mutu," alisema. "Mimi njo nilimpeleka."

Juma lililofuata Mohamadi alimwomba Rachida ampeleke Banalia. Barabara ilikuwa imelimwa na mvua, wakatumia pikipiki mbili, na mara kadhaa walishuka kusukuma. Mzee hakulalamika. Walimkuta Hadidja penye moto wake, mchirizi wa moshi ukimpita usoni, akigeuza samaki kwenye wavu. Alipomwona shemeji yake wa zamani alinyoosha mgongo, kisha akainama tena kazini.

"Karibuni. Rachida, leta kiti."

Mohamadi hakuketi. Alieleza yote akiwa amesimama, mashine, rangi, mkono wa daktari. Alieleza vibaya, akirukaruka, na Rachida hakumsahihisha. Mwishowe alisema, "Shemeji, nilisema uongo juu yako. Sikujua ni uongo, lakini ni mimi nilisema. Naomba msamaha."

Hadidja aligeuza samaki mmoja, akageuza mwingine.

"Ile siku," alisema, "ulisema mbele ya watu wangapi?"

"Ukoo mzima."

"Na leo unaniambia mimi peke yangu, hapa kwa moshi." Hakuinua sauti. "Mohamadi, sikukatalii msamaha. Lakini lile neno uliliweka mbele ya watu. Uende uliondoe mbele ya watu. Mimi nitakuja kusikia."

Rachida, aliyekuwa amebeba kiti mikononi muda wote huo, alikiweka chini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia mama yake akilitaja jambo hilo, na alitambua kwamba maneno yale hayakutungwa siku hiyo.

Mohamadi aliufanya mkutano Ijumaa, baada ya sala, katika uwanja wa Lubunga. Shangazi walikuja, wakwe, binamu, hata majirani wa zamani ambao hawakualikwa. Hadidja alikuja amevaa kikwembe kipya cha kijani, akaketi karibu na binti yake. Mohamadi alisema alichotakiwa kusema. Sauti yake ya kuongoza watu ilimkatikia mara moja katikati, akakohoa, akaendelea. Wengine waliangalia chini. Shangazi mmoja alisema mambo ya zamani yaachwe yalale, na Papa Sefu akasema hapana, hayatalala, kwa sababu aliyeumizwa nayo hakuwa yeye peke yake.

Kisha yeye mwenyewe akainuka. Rachida alitaka kumshika, akamzuia.

"Mama Rachida, uko fasi gani?"

"Niko hapa."

Alitembea kuelekea sauti, akasimama. "Nilikutoa nyumbani kwa neno la mutu ambaye hata jina lake nimesahau. Sitapata njia ya kulipa."

"Hautapata," alisema Hadidja. "Ikaa."

Aliketi kando yake. Walikaa hivyo, watu wakizungumza pembeni, na baada ya muda walionekana wakiongea wao wawili kwa sauti ya chini. Wanawake wa ukoo walianza kuuliza kama Hadidja atarudi kwa mume wake. Alipoulizwa waziwazi wakati wa chakula, alijibu kwamba amemsamehe Sefu, na kwamba nyumba yake iko Banalia, samaki wanamngoja. Alilala kwa Rachida kule Kabondo, akawafundisha wajukuu kuchagua samaki mbichi kwa kutazama mashavu yake, akaondoka.

Lakini siku ya kumpeleka Sefu kliniki alikuwepo. Daktari aligundua kwamba jicho moja bado linatofautisha mwanga na giza, akasema hicho kidogo kilichobaki kinafaa kulindwa, maana mtu anayejua dirisha liko wapi anajua asubuhi imefika. Sefu aliuliza kama nyuzi zilizokatika haziwezi kuunganishwa. Yeye ameunganisha nyuzi maisha yake yote. Rachida alimwambia hizi haziunganishwi. Alikubali matone. Hadidja ndiye aliyemwonyesha shangazi wa nyumba ile namna ya kuyadondosha bila kugusa jicho.

Baada ya hapo watu wa ukoo walianza kuja wenyewe. Wengine walikuja kwa woga, wengine kwa sababu Mohamadi aliwapigia simu mpaka wakachoka. Wengi walitoka na ramani nyekundu na kwenda zao wakicheka. Wachache walibaki na matone. Miongoni mwao alikuwa kijana dereva wa pikipiki, ambaye angekuwa wa mwisho kuamini, na ambaye sasa hubeba chupa yake ya dawa katika mfuko wa shati. Docteur Wenceslas aliona faida ya jambo hilo, akamwomba Rachida awe anawauliza wagonjwa wote waliopofuka juu ya ndugu zao, na kuwaita. Rachida aligundua kuwa katika nyumba nyingi walizokuwa wakiulizia, kulikuwa na mwanamke fulani anayesemwa kuwa ndiye chanzo, mke, mama wa kambo, jirani mjane. Alijifunza kuingia humo bila kugombana na mtu. Alizoea kuanza kwa kueleza habari zake mwenyewe.

Mwaka ulipogeuka, ilikuwa zamu yake tena. Umeme ulikuwa umekatika, wakangoja jenereta iwake. Naomie alimpima bila utani, akaiweka ramani mpya kando ya ile ya zamani mezani, na daktari akainama juu yake na rula yake, akipima pindo baada ya pindo. Rachida alitazama ukucha wa kidole chake.

"Haijasogea," alisema daktari.

"Kabisa?"

"Angalia mwenyewe. Ile buluu iko palepale ilipokuwa. Haikula hata kidogo."

Rachida aliangalia. Kisha akampigia simu mama yake, lakini mtandao wa Banalia ulikuwa mbaya, ikambidi arudie neno lile mara nyingi, kwa nguvu, hata wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakageuka kumsikiliza. "Haijasogea, mama. Nimesema haijasogea."

"Nimesikia," alisema Hadidja hatimaye. "Umekula?"

Hakuwa amekula. Naomie alikuwa ameshatoka nje kwa mama anayeuza lituma ya ndizi za kupondwa na samaki wa kuchoma mbele ya kliniki, na alikuwa anamngoja na sahani mbili.